Risala ya Wakazi wa Jengo la Ngazi Mbili Kuhusu Kibao cha Ukuta wa Kulia

Mgeni rasmi, viongozi mliofuatana naye, wataalamu wa mradi wa jengo jipya, majirani zetu, mabibi na mabwana:

MAKARIBISHO

Karibu, mgeni rasmi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na sisi hatujawahi kuuhitaji msemo huo kama tunavyouhitaji leo. Tumefagia ua, tumeosha ngazi zote mbili, na tumeanua nguo zilizokuwa kwenye kamba, ingawa nyingine zilikuwa bado mbichi.

Tunaomba radhi kwa jambo moja la itifaki. Viti vya meza kuu vilitakiwa viwe karibu na ukuta, chini ya pazia lile la bluu utakalolifungua baada ya risala hii. Sisi tumevisogeza nyuma mpaka karibu na barabara. Afisa wa itifaki alipotuuliza asubuhi, tulimjibu kwamba ni kwa ajili ya kivuli. Akatazama juu, akaona kivuli cha ghorofa jipya kimefunika uwanja mzima, akatutazama sisi, akaenda zake. Jambo hilo tutalieleza kabla hatujakaa.

Utaona pia kwamba nakala uliyowekewa mezani ni ya ukurasa mmoja, na hii inayosomwa ni ndefu zaidi. Ile tuliiandika kwa maelekezo. Tuliambiwa changamoto ziwe chache na ziwe za kujenga. Hii tumeiandika wenyewe uani, kila mtu akisema lake na katibu akiandika. Tunakuomba uivumilie.

HISTORIA FUPI

Jengo hili lilijengwa kwa mawe na chokaa kabla babu zetu hawajazaliwa. Aliyelijenga alikuwa tajiri wa biashara ya ngozi. Alitengeneza ngazi ya mbele ya kupandia wenye nyumba, na ya nyuma ya kupandia wabeba maji. Baada yake jengo likawa mahakama, likawa zahanati, likawa ghala la vitabu vya shule, na mwisho likawa la wapangaji, mafundi chini na familia juu. Siku hizi ngazi ya mbele tunaipanda wote, na ya nyuma tunaanikia nguo. Sisi tunaona hayo nayo ni maendeleo.

Kuta zake ni nene kiasi kwamba mtu mzima anaweza kukaa dirishani akakunja miguu. Hazina nondo wala saruji. Fundi mwashi, anayeishi chumba kilicho chini ya ngazi ya nyuma, husema nyumba ya chokaa inapumua polepole na haipendi kushtuliwa.

Chumba cha kwanza kulia, mara uingiapo mlango mkubwa, anaishi fundi cherehani tunayemwita Mama Pindo, kwa sababu hajawahi kumrudishia mtu nguo bila kuligeuza pindo na kulikagua. Aliingia humo akiwa bi harusi. Mumewe alifariki humohumo, naye akabaki na wanawe na mama mkwe wake, wakigombana na kutunzana. Risala hii itamtaja sana. Si kwamba tunampenda kuliko wengine. Ni kwamba kati ya ukuta wake wa pembeni na shimo la mradi, unapowekwa msingi wa sehemu ya pili ya ghorofa jipya, pana kichochoro tu, na ukuta wake wa mbele ndio ule uliotundikwa pazia la bluu.

MAFANIKIO

Hatutaki tuonekane watu wasiotambua mema. Mradi umetuwekea taa ya barabarani. Umezibua mtaro ambao ulikuwa ukitunyima usingizi kwa mbu. Vibarua wake, ovaroli zao zinapochanika, wanazileta kwa Mama Pindo, na wanalipa.

Mafanikio makubwa zaidi ni kwamba jengo letu limetambuliwa kuwa la kihistoria. Sheria inataka anayejenga karibu na jengo la namna hiyo afanye tathmini ya athari za ujenzi wake. Hilo tulilifurahia sana. Tuliambiwa tathmini itafanyika. Na kweli, ilifanyika.

CHANGAMOTO

Mashine ya kupigilia nguzo ilipoanza kazi kule shimoni, vikombe vilianza kutembea juu ya makabati. Tulicheka. Mama mkwe wa Mama Pindo alisema, "Hata vikombe vimechoka kukaa na mimi." Kisha mlango wa chumba chao ukaanza kugoma. Zamani uliufunga kwa kidole, sasa sharti uuinue kwa goti. Kisha kisima cha uani, ambacho hakikukauka hata miaka ya ukame, kikashuka mpaka ndoo ikawa inagonga tope. Pampu za mradi zilikuwa zikivuta maji shimoni mchana na usiku. Tukauliza kama kuna uhusiano. Tukajibiwa kwamba kila kisima kina umri wake.

Ndipo ukaja ufa. Ulianzia kwenye kona ya dirisha la Mama Pindo, ukateremka kidogo kidogo kama mtu anayeshuka ngazi gizani, ukatokea upande wa mbele, kulia kwa mlango mkubwa. Nyufa nyingine zikafuata, kwenye korido na ghorofani.

Wenye kazi ya tathmini walituletea mtaalamu, mtu mpole mwenye kofia nyeupe, ambaye watoto walimpachika jina la Bwana Tathmini. Tunampa haki yake: alifanya kazi mbele ya macho yetu. Alichukua vipande vyembamba vya kioo akavibandika kwa plasta, kila kimoja kikikatiza juu ya ufa, ncha moja upande huu na nyingine upande ule. Akamweleza Mama Pindo, aliyekuwa amesimama na tepu yake shingoni.

"Mama, hiki tunakiita shahidi. Kama ufa ni wa zamani na umetulia, kioo kitabaki kizima. Ukuta ukisogea hata kidogo, kitavunjika."

"Na kikivunjika?"

"Utanipigia simu."

"Ukishakuja utafanya nini?"

Bwana Tathmini akacheka. "Mama, mbona unanihoji kama polisi?"

"Mimi ni fundi, mwanangu. Nikiletewa kitambaa nauliza kwanza kinakwenda kuwa nini."

Kioo kilivunjika juma lilelile. Mama Pindo akampigia simu. Akaja, akatazama, akabandika kingine. Alipokuwa anaondoka aliitupia jicho cherehani ya miguu iliyoegemea ukuta, akasema kwa upole kwamba huenda mtikisiko wa cherehani ndio uliovunja kioo.

Mama mkwe, kutoka kitandani, akasema, "Haya. Cherehani imeshinda ukuta wa mawe, na lile dude linalogonga mpaka meno yananicheza halina kosa. Basi na mimi nisikohoe."

Sisi tulicheka. Mama Pindo hakucheka. Ni mtu asiyependa kukata kabla hajapima. Alisema, "Huenda anasema kweli. Tuone." Akaihamishia cherehani yake uani, chini ya bati, akashona huko kwenye vumbi la mradi, akiwa anafunika kila nguo kwa shuka. Ukuta ulikaa bila cherehani. Kioo cha pili kikavunjika vilevile.

Alipiga simu tena. Safari hii Bwana Tathmini hakuja. Walikuja watu wengine wasiojitambulisha, wakati Mama Pindo amekwenda kununua nyuzi. Aliporudi alikuta kioo kipya kinang'aa, na vipande vya kile cha zamani havipo hata sakafuni.

"Wamefagia," mama mkwe akamwambia.

"Wamefagia wenyewe?"

"Wenyewe. Nami nikajiuliza, wanaume hawa wamelelewa wapi?"

Tangu siku hiyo, kila kioo kilipovunjika, kingine kizima kilichukua nafasi yake. Sisi hatumshuku mtu. Huenda ndivyo kazi hiyo inavyofanywa. Lakini shahidi anayebadilishwa kila anapofungua mdomo, sisi hatujui tumwite nani.

Siku ya kusomewa muhtasari wa tathmini tulikusanyika uani. Muhtasari ulisema vioo vyote vilikutwa vizima siku ya ukaguzi wa mwisho. Hilo ni kweli. Ulisema nyufa ni za zamani. Ulisema athari za mradi kwa jengo la kihistoria ni ndogo na zinakubalika. Mama Pindo akanyoosha mkono.

"Zinakubalika na nani?"

Msomaji akasema swali hilo ni zuri na litachukuliwa. Lilichukuliwa, mgeni rasmi, na halijarudishwa.

Baada ya mkutano, mtu wa mradi alimvuta mwenyekiti wetu pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba tukizidi kusema jengo ni bovu, serikali haitakuwa na budi kutuhamisha, kwa usalama wetu, mpaka hapo tutakapoarifiwa. Mwenyekiti alitusimulia. Tukisema ukuta ni mzima, nguzo zinaendelea kupigiliwa. Tukisema unaanguka, tunatoka sisi, na hatujui nani ataingia. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Siku hizi anakwambia anakujali.

TULIVYOZIBA NYUFA

Sehemu hii haimo kabisa katika nakala iliyo mezani.

Habari za ujio wako zilipofika, mradi ulituletea rangi nyeupe, ndoo kwa ndoo, pamoja na unga wa kuzibia nyufa. Aliyeleta ni afisa wao wa mahusiano, bwana mchangamfu, mwenye kumwita kila mtu ndugu yangu.

"Ndugu zangu, mgeni anakuja. Nyumba lazima ing'ae. Hii ni zawadi, na hakuna kusaini chochote."

Tuliposikia hakuna kusaini, tulipumua. Sisi ni watu tuliozoea kuogopa karatasi, kwa hiyo tuliogopa karatasi tukaacha kuiogopa rangi. Mwenyekiti akapanda kwenye ngazi ya mbele, akatukumbusha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi tukaitikia. Tulipaka kama watu waliokuwa wakisubiri ruhusa. Fundi mwashi aliziba kwa ustadi, akipitisha kiganja mpaka usingejua palikuwa na nini. Vioo vya korido tulivibandua tukavitupa kwenye pipa, maana vilikuwa vinaharibu sura.

Mama Pindo hakuwepo, alikuwa amekwenda kupeleka sare za shule. Tulipogonga kwake, mama mkwe alikataa kufungua. Hatutaki kumpa sifa asizozidai. Hakuwa amegundua jambo lolote. Alisema tu kwamba hasogezewi kitanda na wanaume wenye ndoo.

"Pakeni huko kwenu. Mimi na ukuta wangu tuacheni tuzeeke."

Jioni Mama Pindo alirudi. Akasimama barabarani, pale uliposhukia garini, akalitazama jengo lote jeupe. Tulikuwa tumejipanga tukingoja sifa, rangi imetutapakaa mpaka kwenye nyusi.

"Limependeza," akasema. Akatazama tena. "Sasa mgeni rasmi tutamwonyesha nini?"

Mgeni rasmi, tulikuwa tumechukua kila tulichokuwa nacho cha kuonyesha, tukakipaka rangi kwa mikono yetu, huku tunaimba. Fundi mwashi alikaa juu ya ndoo aliyoipindua.

"Nilidhani ninasaidia," akasema.

"Ulisaidia, kaka," Mama Pindo akamwambia. "Sema hatujui ulimsaidia nani."

Kwa nje palibaki mahali pamoja tu pasipopakwa, kulia kwa mlango mkubwa. Si kwa akili yetu. Afisa wa mahusiano alitukataza. Alisema hapo tupaache, patakaa kibao.

KIBAO

Kibao ni kizuri, na tunakishukuru. Ni cha shaba, kimeandikwa kwamba jengo hili ni urithi wa watu wote na kwamba linalindwa. Mama mkwe wa Mama Pindo aliomba asomewe mara mbili, kisha akauliza ni nani anayelilinda, na anakuja lini kuanza kazi.

Lakini Mama Pindo alipatazama mahali palipochaguliwa kama anavyotazama nguo ya mtu mwingine. Kushoto kwa mlango ukuta ni mzima, laini, na ndiko mwanga unakofika. Kulia ndiko ulikotokea ufa, na juu ya ufa huo kilibaki kioo kimoja ambacho wale mafundi wa kufagia hawakukibadilisha. Alimuuliza afisa wa mahusiano, hadharani, sisi tukisikia.

"Baba, kwa nini kulia?"

"Ni suala la kitaalamu, mama."

"La mtaalamu gani?"

"Wa picha."

Mama Pindo akaitikia kwa kichwa. Bwana yule alipoondoka akatuambia, "Mimi nikiona mfuko umeshonwa mahali pasipo pa mfuko, nafumua kidogo nitazame chini yake. Mara nyingi kuna tundu. Mara nyingine hakuna kitu, nashona tena, naomba radhi."

Jana mchana fundi mwashi aliagizwa akikaze kibao. Sisi tulikuwa tunapanga viti. Alianza kutoboa tundu la kwanza, na keekee ikazama yote mara moja, kama inayotoboa mkate. Chokaa ikamwagika kwenye viatu vyake. Tukasikia mlio mdogo, na kile kioo cha nje kikapasuka katikati. Fundi akashuka taratibu, akiwa ameshika ukuta kwa kiganja, akasema, "Hapa sikazi kitu. Mwiteni anayetaka kukikaza."

Mama Pindo aliisogeza simu yake kwenye ufa, akawasha tochi. Kutoka ndani, kitandani, mama mkwe wake akauliza:

"Nani ananimulika?"

Hatukucheka.

MAOMBI

Hatuji kuomba makubwa. Hatusemi ghorofa jipya libomolewe, wala hatusemi wanaolijenga ni watu wabaya. Sisi si wataalamu, na huenda kila tulichokiona kina maelezo yake. Tunaomba tu maelezo hayo yatoke kwa mtu ambaye halipwi na anayejenga.

Tunaomba mashine ya nguzo inyamaze mpaka mtu huyo aje, apime, atuambie alichokiona. Akija, tutaukwangua unga wote tulioujaza, kwa kucha ikibidi. Aweke vioo vipya, na safari hii kioo kikivunjika kiachwe kimevunjika.

Tunaomba pia kwamba, ikiwa jengo litatakiwa kuwa tupu ili litengenezwe, tuambiwe hivyo usoni, na tuambiwe tunarudi lini. Mama Pindo yuko tayari kushona mahali popote penye mwanga, lakini mama mkwe wake amesema hatoki chumba alichomfia mwanawe kwa sababu ya neno "kwa muda" ambalo halina mwisho. Sisi tumeshindwa kumpata mtu wa kumhakikishia. Labda wewe.

Na kibao kiwekwe kushoto. Fundi mwashi ameshatoboa matundu yake leo asubuhi, na ukuta wa kule umeyashika vizuri.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, hatujui uliambiwa nini ulipokuwa njiani kuja hapa, wala hatujui risala ya namna hii itatugharimu nini. Wapo watakaosema tumekuaibisha. Sisi tunadhani ungeaibika zaidi kulifungua pazia lile, ukapiga makofi, kisha ukasikia habari zetu kwenye redio.

Kibao hatukukiiba. Kimelazwa juu ya cherehani ya Mama Pindo, kimefunikwa kwa kitambaa kipya. Nyuma ya pazia lile hakuna kibao. Kuna tundu moja, na ufa, na kioo kilichopasuka ambacho safari hii hakuna aliyekibadilisha, kwa sababu tumekilinda kwa zamu tangu jana.

Sasa tulieleze lile la viti. Haikuwa kivuli. Hatukutaka ukae chini ya ukuta ule, wewe wala wageni wetu wengine, hata wale tunaowatilia mashaka. Kamba ya pazia nayo ilikuwa fupi, ilitaka usogee mpaka chini ya ukuta. Mama Pindo ameirefusha kwa utepe wa pindo, ameushona mara mbili ili usikatike. Ncha yake ni hiyo iliyofungwa kwenye mkono wa kiti chako. Unaweza kuivuta ukiwa hapohapo ulipo.

Viti vyenu tuliweza kuvisogeza. Vitanda vyetu havina pa kusogea.

Mungu akurudishe nyumbani kwako salama, akupe paa tulivu na mlango unaofungwa kwa kidole, na atujalie na sisi tulale leo tulipoamka.

Ni sisi,
Wakazi na Mafundi wa Jengo la Ngazi Mbili